Wembe wa Kiganjani

Mavuno ya mpunga katika vijiji vya Java ya Kati yalikuwa kazi ya wanawake, na silaha yao ilikuwa kifaa kinachofichika ndani ya kiganja. Wenyewe hukiita ani-ani. Ni kipande chembamba cha ubao kilichopachikwa wembe mfupi wa chuma, usiozidi sana urefu wa kidole, na kijiti cha mwanzi kimepita katikati kwa kukingama kiwe mpini. Hesabu ya watu ya mwaka 1961 ilikuta Java na kisiwa kidogo cha Madura vina watu milioni 63. Sehemu kubwa ya wali waliokula ilikuwa imepita kwenye makali ya wembe huo, suke moja baada ya jingine.

Mwanzi unakaa ndani ya kiganja na makali yanachungulia kati ya vidole. Vidole vinalinasa bua chini kidogo ya suke, vinalivuta kwenye makali, nalo linakatika. Mkono uleule uliokata unabaki umelishika suke, unaendea la pili na la tatu, na ukishajaa unaupokeza mkono wa kushoto. Aliyekwisha kuuzoea wembe hasimami wala hatazami vidole vyake. Macho yametangulia mbele, yanachagua.

Hapo kwenye kuchagua ndipo ninapoona ustadi wenyewe ulipo. Shamba la mbegu za asili haliivi kwa siku moja. Suke hili limeinama na kuwa la dhahabu, jirani yake bado lina ubichi shingoni. Mundu haujui tofauti hiyo, unafyeka vyote, lakini mwenye ani-ani analiacha bichi lisimame mpaka siku yake ifike. Akikutana na suke nono, lenye punje zilizojaa hadi nchani, analiweka kando kwa ajili ya mbegu ya msimu ujao. Kwa hiyo mvunaji alikuwa pia mteuzi wa mbegu. Mpunga uliopandwa kijijini ulikuwa umepimwa kwa macho ya mama, bibi na mama wa bibi.

Mabua yaliachwa marefu kiasi cha kufungwa mafungu. Aina za zamani, zile zenye nywele ngumu kwenye punje, hazipukutiki ovyo, hivyo mafungu yalibebwa kwa mzegazega mpaka nyumbani, yakaanikwa, kisha yakawekwa ghalani na masuke yake. Mchele ulitwangwa kadiri ya haja, katika kinu kirefu cha gogo mfano wa mtumbwi mdogo, wanawake kadhaa wakisimama pande zote na michi yao na kupokezana mapigo. Mapigo hayo yaligeuka ngoma kamili, na mpaka leo kuna vikundi vinavyoipiga kwenye sherehe.

Wembe ulifichwa kwa sababu ya heshima. Katika imani ya Wajava mpunga ni wa Dewi Sri, roho ya kike anayekaa shambani wakati wa kukua na kuhamia nyumbani baada ya mavuno. Haifai kumtisha kwa panga. Kabla ya kuvuna, mwenye shamba hupeleka wali na kuku mzima pembeni mwa jaruba, na masuke ya kwanza hukatwa kwa adabu. Wanakijiji wengi ni Waislamu, na mara nyingi dua ya shughuli hiyo husomwa kwa Kiarabu palepale, kisha chakula kikagawanywa kwa waliohudhuria. Sioni haja ya kuwatenganishia hayo mawili. Wao wameyakalisha pamoja kwa karne kadhaa.

Lakini suke halikatwi kama jaruba halikujengwa, na jaruba la Java ni ujenzi hasa. Kwenye miteremko ya milima ya volkano kila kipande kimesawazishwa mpaka maji yatulie yakiwa na kina kimoja toka ukingo hadi ukingo, maana panapoinuka panaota magugu na panapozama miche inaoza. Fundi wa kazi hiyo hana kipimo kingine zaidi ya maji yenyewe. Anaingiza maji kidogo, anaona yanapokimbilia, anahamisha tope kwa jembe, anaingiza tena. Kila msimu kingo hukandikwa tope jipya, matundu ya kaa na panya huzibwa, na juu ya ukingo hupandwa maharage, kwani ardhi ni haba mno kuachwa wazi. Kisha hupita plau ya ng'ombe au nyati, hufuata haro, na ndipo wanawake huingia na miche iliyong'olewa kitaluni, wakirudi kinyumenyume na kuchomeka michache kwa kila shimo, ili wasikanyage walichokipanda. Maji hushuka toka jaruba la juu hadi la chini, na kijiji kina mtumishi wake wa kugawa zamu, ulu-ulu, ambaye usiku wa kiangazi ana kazi kubwa kuliko mkuu wa kijiji.

Na mkuu huyo wa kijiji alilipwa kwa ardhi. Alikabidhiwa majaruba ya kijiji alime au akodishe kwa muda wote wa utumishi wake, na akitoka madarakani yanarudi. Aina za milki ni nyingi kuliko mtu anavyodhani akitazama uwanda ule wa kijani kibichi. Kuna shamba la urithi, ambalo kwa desturi moja mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike moja, na kwa desturi nyingine watoto hugawana sawasawa. Kuna mali iliyochumwa na mume na mke pamoja, ambayo wakiachana kila mmoja anatoka na fungu lake. Kuna shamba lililowekwa rehani, na lile linalolimwa na asiye mwenyewe kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu. Nyuma ya yote hayo kuna kiwanja cha nyumba, chenye mnazi juu, mgomba na mfenesi chini yake, muhogo na manjano chini kabisa, kinachomlisha mwenye nacho miezi ambayo ghala limekauka. Sheria ya mwaka 1960 ilikusudia kila familia ya wakulima ifikie angalau hekta 2. Huko Java wengi hawajafika hata nusu hekta, na wengi wengine hawana chochote.

Kwa hao wasio na chochote, ani-ani ilikuwa hati. Mvunaji hakulipwa fedha, alilipwa bawon, yaani fungu la mpunga alioukata kwa mkono wake. Jioni mafungu yalipangwa uani kwa mwenye shamba, naye akamtengea kila mwanamke sehemu yake: jirani pengine moja katika nane au kumi, ndugu wa karibu zaidi ya hapo, mgeni kutoka mbali pungufu. Aliyekuja na wembe wake asubuhi ilikuwa vigumu kumfukuza. Mwenye shamba aliyewazuia majirani alijiaibisha, na siku ya harusi ya mwanawe angekosa watu wa kumsaidia jikoni. Hata baada ya wavunaji kuondoka, maskini zaidi waliruhusiwa kupita wakiokota masuke yaliyosahaulika. Ann Stoler, aliyeandika mwaka 1977 juu ya mavuno ya kijiji alichokiita Kali Loro, katika eneo la Yogyakarta, alionyesha jinsi mapato hayo yalivyokuwa nguzo kwa wanawake wa kaya zisizo na ardhi. Mimi nayaita milki. Mwanamke asiye na jaruba hata moja alikuwa na fungu katika majaruba ya kijiji kizima, na kilichompa fungu hilo ni ujuzi wa vidole na kujulikana kwake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaja mbegu mpya kutoka taasisi ya utafiti ya Ufilipino, IR8 ikiwa maarufu zaidi, iliyotolewa mwaka 1966. Zilizaa sana, na nchi iliyokuwa ikiagiza mchele toka nje ilizihitaji. Hilo siwezi kulibeza. Ila bua la mpunga huo ni fupi na punje zake hupukutika kwa urahisi, hivyo haufungiki mafungu. Mwenye shamba akaanza kuuza mpunga ukiwa bado umesimama kwa mchuuzi, na mchuuzi hana ujirani na mtu: alileta vijana wachache wenye mundu na mizani ya kilo. Wakati huohuo mashine ndogo za kukoboa zikaenea vijijini na kinu kikanyamaza. Katika miaka michache mikono mingi ya wanawake ikawa haina pa kuingilia shambani.

Wembe haukutoweka. Upande wa magharibi wa kisiwa, kwa Wasunda wa Kasepuhan Ciptagelar, kwenye milima ya Halimun, mpunga hulimwa mara moja tu kwa mwaka na huvunwa kwa kisu hichohicho, ambacho wao hukiita etem. Wana aina za mbegu zao zaidi ya mia. Mafungu huanikwa kwenye vichanja vya mwanzi, yakikauka huingizwa katika ghala dogo la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, na maghala hayo ni mengi kila upande wa kijiji kwa sababu kila kaya ina lake. Mpunga wao hauuzwi. Mwiko huo ni wa mababu, na bado unashikwa. Mwenye upungufu huenda kwenye ghala la wote, Leuit Si Jimat, akakopa mafungu anayohitaji, na msimu ukifika anaingia shambani na etem yake kukata atakayorudisha.