Prosesa Mpya Ndani ya Kompyuta Kuukuu: Hesabu ya Joto na Wati Lodwar na Kakuma

Kompyuta za mezani zinazofika Lodwar na Kakuma, katika kaunti ya Turkana, kwa kawaida ni za mtumba. Zilitumika kwanza maofisini Ulaya, zikauzwa Nairobi kwa jina la "ex-UK", kisha zikapakiwa kwenye basi la kupitia Kitale. Dell OptiPlex 790, iliyotoka mwaka 2011, ni mfano mzuri wa kuchambua kwa sababu inafunguka kirahisi na vipuri vyake bado vinapatikana. Iliyouzwa kwa bei ya chini ilikuja na Pentium G620, prosesa ya viini viwili na gigahezi 2.6. Kwa kuandika barua inatosha. Familia ikifungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, somo la video la mtoto na WhatsApp kwa wakati mmoja, viini hivyo viwili hulemewa na kishale cha kipanya huanza kuruka badala ya kuteleza.

Kabla ya kununua chochote, sharti ithibitishwe kwamba kosa ni la prosesa. Task Manager ya Windows huonyesha mzigo wa prosesa, RAM na diski kwa pamoja. Diski ikiwa imefika asilimia 100 huku prosesa ikiwa 30, dawa ni SSD. RAM ya gigabaiti mbili au nne nayo ni kikwazo kikubwa kuliko prosesa yoyote ya kizazi hicho. Fundi anayeanza na prosesa kwenye mashine ambayo bado ina diski ya kuzunguka anamlia mteja pesa bure, hata kama hakukusudia. Zamu ya prosesa huja pale inapogonga 100 mara kwa mara ilhali RAM na diski bado zina nafasi.

Swali linalofuata ni ubao mama unakubali nini. OptiPlex 790 ina soketi ya LGA1155, na prosesa za Core za kizazi cha pili na cha tatu zote huingia humo bila kulazimishwa. Lakini BIOS ya mashine hii haizitambui za kizazi cha tatu, na ikiwekewa mojawapo haitawaka. Dada yake, OptiPlex 7010, hukubali vizazi vyote viwili. Kwa upande wa HP hali ni hiyohiyo: Compaq 6200 Pro inaishia kizazi cha pili, ilhali 6300 Pro inavuka hadi cha tatu. Kwa mnunuzi aliye Kakuma, takriban kilomita 400 kutoka Kitale, kosa la tarakimu moja katika jina la prosesa ni nauli ya kifurushi mara mbili.

Kwa 790, basi, uchaguzi unabaki kati ya Core i5-2400, i5-2500, i7-2600 na ndugu zao wenye herufi S mwishoni. Wengi hurukia i7. Kwa Turkana hilo ni pendekezo baya, na sababu yake ni joto.

Joto la juu la mchana Lodwar huwa karibu nyuzi 35 za Selsiasi kwa wastani, na chini ya paa la mabati hupanda zaidi. Kipoza joto hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoingia. Kinachoweza ni kupunguza pengo kati ya hizo mbili. Tuseme kipoza joto kina ukinzani wa nyuzi 0.35 kwa kila wati. Prosesa ya wati 95 kama i7-2600 au i5-2400, ikifanya kazi kwa nguvu zote, itakuwa juu ya hewa kwa nyuzi 33. Katika chumba cha Nairobi chenye nyuzi 22, kifuniko chake kitafika 55. Katika chumba cha Lodwar chenye nyuzi 38 kitafika 71, na kikomo kilichowekwa na Intel kwa prosesa hiyo ni 72.6. Vumbi likiziba mapezi ya kipoza joto kidogo tu, kikomo kimepitwa. Prosesa haitaungua, kwa kuwa hujipunguzia kasi yenyewe joto la ndani linapozidi, ila kasi iliyolipiwa itakuwa imepotea mchana wote.

Core i5-2400S ina viini vinne vilevile na kashe ileile ya megabaiti 6, lakini wati zake ni 65. Kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.5, na hupanda hadi 3.3 mzigo ukiwa mdogo. Kwa hesabu ileile itafika nyuzi 61, na kikomo chake ni 69.1. Nyuzi nane za akiba zinatosha kuvumilia wiki kadhaa za vumbi. Tena G620 inayoondolewa nayo ni ya wati 65, kwa hiyo kipoza joto cha zamani kinafaa bila mabadiliko.

Kwamba joto la vyumba ndilo linaloamua mambo hapa si hoja ya mafundi pekee. Chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, kilichosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021, kilijengewa minara mirefu ya kutoa hewa ya moto juu na kuvuta hewa safi chini, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuzuia kompyuta zisipate joto kupita kiasi.

Umeme unaelekeza uamuzi uleule. Kwa miaka mingi Lodwar imepata umeme wa jenereta za dizeli za mji wenyewe, nje ya gridi ya taifa, ingawa mitambo ya upepo ya megawati 310 iko ng'ambo ya ziwa, Marsabit, na umeme wake hupelekwa kituo cha Suswa kwenye gridi hiyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, wenye jenereta wamekuwa wakiwauzia majirani umeme kwa waya, na wengine hutegemea paneli na betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu huchakaa haraka. Zinazotumika ni 600. Kompyuta na skrini zikila wastani wa wati 80 kwa saa nne, pamoja na asilimia 15 inayopotea kwenye inveta, zinaondoka takriban 375. Wastani ukipanda hadi wati 110 zinaondoka karibu 520, na taa na simu zinabaki na makombo. Hata hivyo S isitarajiwe kufanya miujiza: mashine ikiwa imetulia, prosesa hizi hula karibu sawa. Faida yake iko kwenye kilele cha mzigo, ambapo inveta ndogo huzidiwa na kuzima kila kitu.

Kazi yenyewe ni fupi. Waya wa umeme unachomolewa, kitufe cha kuwashia kinabonyezwa ili chaji iliyobaki iishe, na fundi anagusa chuma cha kasha mara kwa mara, kwani hewa kavu ya Turkana hujaza mwili umemetuli. Vumbi linapulizwa nje ya nyumba huku mabapa ya feni yakishikwa yasizunguke. Skrubu za kipoza joto hulegezwa kwa zamu, kwa mshazari. Grisi ya zamani mara nyingi imekauka kuwa unga wa kijivu. Inafutwa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Wenzo wa soketi unainuliwa, Pentium inatolewa kwa kushikwa kingo, na hapo ndipo pa hatari: pini ziko kwenye ubao mama, nyembamba kama nywele, na tone la jasho likizidondokea au ncha ya kidole ikizikunja, ubao wote huenda umekwisha. Prosesa mpya ina pembetatu ndogo kwenye pembe na mikato miwili pembeni. Vikilingana na soketi, inakaa yenyewe bila kusukumwa. Grisi kidogo katikati inatosha.

Kabla ya kufunga kasha, betri ndogo ya CR2032 nayo ibadilishwe. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na kivinjari hukataa kufungua tovuti salama, eCitizen ikiwemo.

Mashine ikiwashwa, F2 hufungua BIOS na jina la prosesa lisomeke humo. Jaribio linalofaa ni la saa nane mchana, video ikichezwa kwa nusu saa huku programu ya kupima joto ikiwa wazi. Vipimo vyake ni vya ndani ya prosesa, hivyo huwa juu kuliko vile vya kifuniko. Vikikaribia 90, kipoza joto hakijakaa sawa. Kwa upande wa programu, i5-2400S haimo kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine inayoingia mtandaoni kila siku ni afadhali ihamie Linux. Pentium iliyotolewa ihifadhiwe kwenye kijaluba cha plastiki: siku kompyuta itakapokataa kuwaka, kuirudisha ndiyo njia rahisi ya kujua kama mbovu ni prosesa au ubao.