Pongezi kwa Waheshimiwa Wanaouliza

Ukumbi wa Karimjee, hapa Posta, Dar es Salaam, ndiko Bunge lilikokutana baada ya Uhuru wa 1961. Leo vikao viko Dodoma, lakini kazi ya mbunge ni ileile: kuifikisha shida ya mtaani mezani kwa Serikali.

Kazi hiyo ina utaratibu. Swali la msingi hutumwa mapema kwa maandishi. Waziri au naibu wake hujibu asubuhi. Kisha mbunge husimama: "Mheshimiwa Spika, nina maswali mawili ya nyongeza." Hapo ndipo aliyejiandaa hujulikana. Jibu la "Serikali ipo kwenye mchakato" hulibana: mchakato utaisha lini, na fedha ziko fungu gani? Jambo likiwa la dharura, huomba shughuli ziahirishwe lijadiliwe, na wenzake husimama kumuunga mkono.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kodi, usajili wa stoo na kamatakamata. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Mgomo kama huo unatufundisha thamani ya mbunge anayewahi kuuliza kabla maduka hayajafungwa.

Nawapongeza kwa dhati wabunge wa namna hiyo, wa chama chochote. Kila neno lao hubaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Wananchi wenzangu, tuzisome, na tuwape wabunge wetu hoja zenye ushahidi. Asiyeelezwa shida hawezi kuisemea.