Huzuni Ikae, Ukili Uendelee

Kutoka Bodo hadi kisiwa cha Funzi, pwani ya Kwale, si mwendo mrefu kwa boti, mikoko ikiwa kando. Kisiwa ni cha wavuvi, na penye wavuvi hapakosi wajane, kwani kusi likichafuka bahari haina mzaha. Kazi ninayotaka kuisifu ni ile ambayo wanawake wa pwani hii huifanya wakiwa na msiba na hata wasipokuwa nao: kusuka ukili.

Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe. Hapo huchanwa kwa ukucha au kisu kidogo, chane nyembamba za upana mmoja, na kipimo ni jicho tu. Za rangi huchemshwa kwenye sufuria kuukuu, ambayo kuanzia siku hiyo haipikiwi tena chakula. Kabla ya kusuka hutiwa maji kidogo zilainike, la sivyo zitakatika. Msukaji huketi uani, miguu kainyoosha, akaanza: hii ipite juu, hii ipite chini, ya pembeni ikunjwe irudi ndani. Chane ikikaribia kwisha, nyingine hupachikwa juu yake, na mkono hausimami. Ncha zilizochomoza zitakatwa baadaye. Ukili hurefuka, ukaviringishwa, na pima zikitosha ndipo unaposhonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utokee.

Sasa mtazame mjane aliye edani. Kwa miezi minne na siku kumi hajipambi, haendi harusini, na hatoki ila kwa dharura. Jirani huja na fungu lake la chane, akaketi kando yake, kila mtu na ukili wake. Hamwambii asahau, wala hamshurutishi asimulie. Chozi likidondoka hufutwa kwa ncha ya leso, na vidole vikarudi palepale vilipoachia. Akitaka kusema, husema huku kainamia kazi, bila kulazimika kumtazama mtu usoni. Nyumba nyingi za maombolezo zingestarehe zaidi kama wageni wangekuja na kazi mkononi badala ya nasaha mdomoni.

Ughaibuni njia hii ya kuishi na machungu huku kazi ikiendelea ilianza kuandikiwa vitabu si zamani sana. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill, alipolazwa kwa kifua kikuu, aliona kuchora kunampa nafuu, akawavuta wagonjwa wenzake, na mwaka 1945 akatoa kitabu kuhusu sanaa na ugonjwa. Mwaka 1999 Mmarekani Steven Hayes na wenzake wakatoa kitabu cha tiba ya kukubali, inayomtaka mtu asimalize nguvu zake kwa kupigana na mawazo machungu, bali ayaachie nafasi, kisha aendelee na lile analolithamini. Kukubali huku si kukata tamaa. Mjane wetu hajasema kwamba msiba ni mwepesi. Ameendelea kusuka ilhali ni mzito.

Pwani yenyewe ina mfano mwingine, nao una ubishi. Katika ngoma za pepo, kayamba likitikiswa, pepo huulizwa jina lake na anachotaka. Mara nyingi hafukuzwi. Hupewa kitambaa cha rangi yake na wimbo wake, akapatana na kiti chake, yaani mtu aliyempanda, wakaishi pamoja. Masheikh wengi wanaikataa ngoma hiyo, nami simo katika kuitetea. Ila waliobuni utaratibu huo walijua kwamba baadhi ya mateso hayaondoki kwa amri.

Jirani zetu wameijaribu njia ya kukubali kwa vipimo. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Uganda, wanawake kutoka Sudan Kusini walikaa kwa makundi katika vikao vitano vya Shirika la Afya Duniani, vyenye sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, msingi ukiwa ni hiyo tiba ya kukubali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nafuu haikuwa kubwa, lakini ilikuwepo, na wasimamizi wa vikao hawakuhitaji kuwa madaktari.

Sisemi mkeka ni dawa ya kila kitu. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitali, tena upesi. Na ukili ukisukwa kwa kukimbizana na oda ya mnunuzi wa Diani anayetaka vikapu hamsini kufikia Ijumaa, hapo hakuna tiba, kuna kibarua tu. Kibarua nacho kina heshima yake, lakini tusivichanganye.

Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini Kenya wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Shirika la Afya Duniani linatoa bure kile kitabu cha picha cha kukabiliana na dhiki. Kaunti ya Kwale na ikitie mkobani, kisha iwatume wahudumu hao wakakisome kwa sauti kule uani, wanawake wakiendelea kusuka.