Fundi wa Nyonga

Unyayo wa bibi ulikuwa umelala kando, kidole gumba kinatazama ukuta, na mguu wenyewe umefupika. Alijikwaa kizingitini alfajiri, hapa Iguguno, akienda kufungulia kuku. Majirani wakasema ameteguka, akandwe. Tukamfunga miguu yote miwili pamoja kwa kanga, mto katikati, tukampakia kwenye gari la Noah kuelekea Singida mjini. Kila tuta la barabarani alilipokea kwa kuuma meno.

Picha ya eksirei ilionyesha fupa la paja limevunjika pale linapopinda kuingia nyongani, na kile kinundu cha upande wa ndani kimebanduka. Upande huo ndio nguzo. Ukiwa mzima, vipande huegemeana. Ukisagika, hata ukiunyoosha mfupa, misuli na uzito wa mwili huulaza tena. Zamani, na mahali pengine hata leo, mzee wa namna hii alivutwa mguu kwa uzito unaoning'inia kitandani, wiki baada ya wiki. Mfupa ukaunga, mwenyewe akachukuliwa na vidonda vya mgongo au nimonia.

Mwaka 1939 Mjerumani Gerhard Küntscher alipitisha msumari mrefu ndani ya uboho wa fupa la paja. Seremala anaelewa mara moja: chuma kilicho katikati ya mti hubeba kuliko kilichobandikwa ubavuni. Msumari wa nyonga huongezewa skrubu nene inayopanda hadi kwenye kichwa cha mfupa, na hapo ndipo kazi ilipo. Mfupa wa uzeeni ni kama bua la mtama lililokauka, ganda gumu nje, ndani sponji. Skrubu ikikaa pembeni, itachana na kutokeza. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner na wenzake walipima: umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa, ukijumlisha picha ya mbele na ya ubavuni, ubaki chini ya milimita 25.

Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 huko Richland, Marekani, kwa ajili ya hospitali zisizo na eksirei chumbani mwa upasuaji. Misumari yake imetumika Taasisi ya Mifupa Muhimbili pia. Tundu la skrubu kwenye msumari limejificha ndani ya mfupa. Fundi huingiza chuma chembamba, akapapasa, kikinasa anakizungusha kidogo mpaka ahisi msumari mzima unatikisika nacho. Macho yake hayaoni kitu. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mkono wa mtu.

Daktari wa bibi alinieleza kwamba kabla ya kisu huvuta mguu taratibu, akaugeuza ndani, akatazama picha, akavuta tena. Msumari haunyooshi kilichopinda, alisema. Hushika tu kile ulichokwisha kukinyoosha.

Siku ya pili baada ya upasuaji muuguzi alimsimamisha. "Nishike kushoto, mjukuu wangu," bibi akasema, akakanyaga sakafu. Vidole vyote vilitazama mbele.