Divai Inayogeuka Siki: Ustadi wa Day of the Tentacle

Karne ya 18, chupa ya divai inatiwa ndani ya sanduku la kumbukumbu na kufungiwa humo. Miaka 400 baadaye sanduku linafunguliwa, na divai imekwisha kuwa siki. Siki hiyo inarudishwa kwa kijana yuleyule aliyeiweka, kwa kuwa anaihitaji ili atengenezewe betri. Fumbo hili limo katika Day of the Tentacle, mchezo wa kompyuta uliotolewa na LucasArts mwaka 1993 chini ya uongozi wa Tim Schafer na Dave Grossman. Mpishi yeyote wa pwani aliyewahi kuacha tembo likae angeweza kulifumbua, na hapo ndipo penye ustadi wake.

Kisa chenyewe ni cha vichekesho. Mnyiri wa zambarau, kiumbe mfano wa mkono wa pweza, anakunywa maji machafu yenye sumu, anaota mikono na kuazimia kuitawala dunia. Vijana watatu wanatumwa kumzuia kwa mashine ya kusafiri katika wakati, ambayo vyumba vyake ni vyoo vya kuhamishika. Mashine inaharibika njiani kwa sababu almasi yake ni bandia. Hoagie anatupwa miaka 200 nyuma, Laverne miaka 200 mbele, na Bernard anarudi alikotoka. Wote wamo katika jumba lilelile, ila hawawezi kuonana. Wanachoweza ni kupelekeana vitu vidogo kwa kuvitia chooni na kuvuta maji.

Kanuni hiyo moja ndiyo inayobeba mchezo mzima. Mchezaji anabofya kwa kipanya, anaokota vitu, anazungumza na watu, na polepole anazoea kuuona wakati kuwa chombo cha kazi. Laverne anahitaji hamsta wa kukimbia ndani ya gurudumu ili azalishe umeme. Basi Bernard anamtia hamsta kwenye friza leo, Laverne anamtoa akiwa barafu tupu na kumyeyusha kwa maikrowevu. Mnyama ameloa, anatetemeka kwa baridi. Dawa yake ni sweta ambalo Bernard alilitia kwenye mashine ya kukaushia nguo, akaishindilia sarafu za kutosha kuizungusha karne mbili. Sweta limenywea hadi likawa saizi ya hamsta. Ukilitazama jibu unacheka, kisha unagundua kwamba kila hatua ilikuwa na sababu yake.

Si mafumbo yote yaliyo na haki kiasi hicho. Ili Laverne aliyenasa mtini aanguke, Hoagie anayapaka matunda ya mti huo rangi nyekundu karne mbili kabla, George Washington audhanie kuwa mcheri na kuukata. Mmarekani alikua akisimuliwa hekaya ya Washington aliyekata mcheri. Asiyeijua atabaki kubahatisha. Siki inaeleweka popote, hekaya ya taifa moja haieleweki kila mahali. Hata hivyo kubahatisha hakuna adhabu: hapa mhusika hafi, wala hufiki mahali usipoweza kutoka.

Mwaka 2016 Double Fine, kampuni ya Schafer mwenyewe, ilitoa toleo lililorekebishwa. Michoro ya asili ilikuwa na pikseli 320 kwa 200 na rangi 256. Wachoraji wapya walikuwa na nafasi kubwa ya kuongeza madoido, lakini walijizuia. Walichora upya milango iliyopinda na kuta zisizonyooka, kila mstari ukiheshimu mkunjo wa zamani, na mahali palipokuwa na vipande vya rangi tambarare pakabaki hivyo. Kitufe kimoja kinakurudisha papo hapo kwenye picha za 1993, kisha kinakuleta tena kwenye mpya. Fundi asiyejiamini asingekupa nafasi ya kulinganisha kazi yake na ya mwenzake namna hiyo.

Safu ya vitenzi vya kumwamuru mhusika, iliyokuwa ikikaa chini ya skrini, sasa ni gurudumu dogo linalojitokeza ukibofya kitu, na anayeipenda ya kale anaweza kuirudisha. Waundaji wa awali wanasikika wakieleza walivyofanya kazi, kwa anayetaka kuwasikiliza. Hata Maniac Mansion ya mwaka 1987, mchezo uliotangulia huu, bado umo mzima ndani ya kompyuta iliyo chumbani mwa mmoja wa wahusika, kama ulivyowekwa mwanzo. Mafumbo hayakuguswa, na huo ndio uamuzi bora kuliko yote.

Ukiucheza, usikimbilie kutafuta majibu. Ukikwama, uache, ukafanye shughuli nyingine, kisha urudi ujiulize kitu ulicho nacho mkononi kitakuwaje kikikaa miaka 200. Mara nyingi jibu liko hapo.