Mkalimani wa Vitufe

Mama mmoja wa Bunda, mchapaji mstaafu, alinikabidhi kibodi yake niipeleke Musoma kwa fundi. Nzito kama kigoda, imepauka, na herufi A imefutika kabisa kwa kusuguliwa na kidole. Kompyuta iliyokuja nayo ilikwisha kufa zamani. Mwanawe amemnunulia kompyuta mpakato, ila vitufe vyake, anasema, ni laini mno. Vidole havijui kama vimeandika au vimegusa tu. "Hii ndiyo inayonijua mikono, mwanangu," aliniambia. Wachapaji wa rika lake walianzia kwenye taipureta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mashine za kugonga zikaendelea kushika ofisi.

Plagi yake ni ile ya duara yenye pini sita, iliyokuja na kompyuta za IBM PS/2 mwaka 1987. Kompyuta aliyoinunua mwanawe ina matundu ya USB peke yake. Nilinunua kichwa cha kubadilishia, nikachomeka. Kimya.

Fundi wa Nyasho, pale Musoma, alinielewesha kwa upole: kichwa kile hubadilisha umbo la plagi, hakibadilishi lugha. Kinafaa kwa kibodi iliyotengenezwa ikijua lugha zote mbili, na ya mama inajua moja.

Basi akaanza kazi, nami nimesimama pembeni. Alipima waya mmoja mmoja kwa mita. Kati ya pini sita, nne ndizo zenye kazi: ya data, ya ardhi, ya umeme wa volti 5 na ya mapigo ya saa. Akalehemu nyaya zake kwenye kibao cha kielektroniki kisichozidi kidole gumba, moshi wa kulehemu ukimpanda usoni, mkono hautikisiki. Kisha akapakia programu ya bure. Ukibonyeza A, kibodi ile hutuma namba 1C. Ukiiachia, hutuma F0 kisha 1C. Tena husema yenyewe, papo hapo. Kibodi ya USB ina adabu nyingine: hungoja iulizwe na kompyuta. Kwa hiyo kibao husikiliza, hufasiri, hulishika neno mpaka liulizwe, na yote hayo hupita kabla jicho halijapepesa.

Ndiyo maana naiheshimu kazi hii kama ukalimani. Mwalimu Nyerere, aliyelala Butiama, alichapisha tafsiri zake za Shakespeare, Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, nchi nzima ikiwa mabegani mwake. Hakumvisha Shakespeare jalada jipya. Alikaa na maneno yake mpaka yakasema Kiswahili. Fundi naye alijaribu vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Kitufe cha mkwaju (/) kilipotoa alama nyingine, akarudi kwenye mpangilio mpaka mkwaju ukatoka mkwaju.

Niliporudi Bunda, mama alichomeka kibodi, akakaa wima, macho ukutani. Akagonga anwani yake, tarehe, kisha YAH kwa herufi kubwa, kama barua zote alizowahi kuchapa. Mlio wake ulisikika hadi uani.

Wewe uliyeifunga ya kwako kwenye kiroba, usiitupe. Mpelekee fundi, na akikutajia bei, mlipe.