Pale Herufi Zinapoungana

Chukua kadi ya harusi iliyopigwa chapa kwa herufi za mapambo, zile zinazolala kulia, ulitazame kwa karibu neno "kukualika". Kila herufi inaishia na mkia mwembamba unaopanda kwenda kuigusa inayofuata. Ukiuona mshono, ama fonti ni mbovu ama aliyeipanga kadi kaiharibu. Madoido ya herufi kubwa, ambayo ndiyo huwavuta wateja, ni jambo la pili.

Mtindo huu ulitokana na kalamu ya unyoya iliyochongwa ncha kali. Mwandishi akishusha mkono anakandamiza, ncha inapanuka na mstari unanenepa. Akipandisha analegeza, unabaki mstari mwembamba kama unywele. Walimu wa mwandiko wa London waliichonga miandiko yao kwenye mabamba ya shaba na kuichapa vitabuni. Mmoja wao, Charles Snell, alitoa kitabu chake mwaka 1694. Snell hakupenda mbwembwe. Kwake, herufi ilikuwa na vipimo vyake na vipimo hivyo vilipaswa kufuatwa.

Kwenye bamba la shaba hakuna tatizo, kwa kuwa neno zima linachongwa kwa pamoja. Taabu ilianza kwenye herufi za risasi. Kila herufi hukaa juu ya kipande chake cha mstatili, nayo herufi iliyolala hutokeza nje ya kipande hicho. Sehemu inayoning'inia hewani ikigongwa kidogo tu, imevunjika. Mwanzoni mwa karne ya 19, Firmin Didot wa Paris alitengeneza vipande vilivyoinama pamoja na herufi na kushikana kwa pengo na jino. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, lakini si kila kiwanda kingeimudu.

Matthew Carter aliyajua mambo haya kwa vidole vyake: katika miaka ya 1950 alijifunza kuchonga herufi za chuma katika kiwanda cha Enschedé, Haarlem, Uholanzi. Katikati ya miaka ya 1960 alihamia New York kufanya kazi Mergenthaler Linotype, wakati upangaji wa herufi ulipokuwa ukihama kutoka risasi kwenda kwenye picha. Mashine mpya ilipitisha mwanga kwenye filamu yenye umbo la herufi na kuliacha umbo hilo kwenye karatasi ya picha. Hapakuwa na kipande cha kuvunjika, na herufi mbili zingeweza kupandana bila taabu. Carter akaona hapo ndipo pa kuonyesha kile ambacho risasi haikukiweza. Akakifungua kitabu cha Snell, na fonti iliyotoka humo ikaitwa Snell Roundhand.

Nadhani uchaguzi wa mwalimu ndio uliobeba nusu ya kazi. Herufi ndogo ziko 26, maana yake kuna jozi 676, na kila herufi ina umbo moja tu la kuzikabili zote. Hilo haliwezekani kwa mwandiko wenye mkono huru. Linawezekana ikiwa mkia unatoka kwa mwinamo uleule na kufika kimo kilekile kila mara, ncha yake ikazama ndani ya mguu mnene wa herufi inayofuata. Unene wa mguu ndio unaoficha mshono. Kwa herufi kama o, v na w, ambazo kwa kalamu humalizikia juu, mchoraji lazima atafute suluhu ya pekee.

Kinachobaki kuisaliti mashine ni marudio. Kiswahili kinaionea sana fonti hapo: "tunayo furaha kukualika" ina a tano, zote pacha. Bickham Script, aliyoichora Richard Lipton kwa ajili ya Adobe mwaka 1997 kutokana na kitabu cha George Bickham cha miaka ya 1733 hadi 1741, baadaye iliwekewa maumbo mbadala, na programu huchagua umbo kwa kuangalia majirani zake. Inapendeza, ingawa ukiyaruhusu madoido yote kadi inageuka kichaka. Mimi kwa jina la bibi harusi bado naichagua Snell.

Ukishajua mshono umekaa wapi, makosa ya steshenari yanajieleza. Anayetanua nafasi kati ya herufi ili mstari ujae, anaichomoa mikia kwenye maficho yake. Anayeandika jina lote kwa herufi kubwa anazipanga herufi ambazo hazikuchorwa zikae bega kwa bega. Mapambo yanagongana na jina halisomeki. Na anayeweka anwani ya ukumbi kwa maandishi madogo meupe juu ya rangi nzito, wino unaizunguka mistari myembamba na kuimeza. Anwani iwekwe kwa herufi za kawaida.

Lipo pia tatizo letu wenyewe, ambalo Snell hakuwa na sababu ya kuliwaza. Andika "Ng'ang'a" kwa fonti hizi. Mkia wa g unapanda kuitafuta a, unakuta ritifaa imeshika nafasi, unabaki umeelea. Dawa ni kuirudisha a nyuma kwa mkono, kwa kupunguza nafasi kabla na baada ya ritifaa mpaka mkia uguse, ritifaa ikae juu ya kiungo badala ya kukikata. Kwenye jina hilo utafanya hivyo mara mbili, na vipimo viwe sawa.